Kubonyeza Kifua cha Mtu Ambaye Moyo Wake Umesimama: Makosa ya Mwokoaji Asiye na Mafunzo na Namna ya Kuyarekebisha Papo Hapo

Hapa Kigoma, mtu anapoanguka ghafla katika mwalo wa Kibirizi, au anapotolewa majini akiwa hana fahamu karibu na Katonga, watu wa kwanza kumfikia si wauguzi. Ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wapagazi na vijana wa bodaboda, na wengi wao wamewahi kuona, hata kama ni kwenye simu tu, kwamba mtu wa namna hiyo hubonyezwa kifuani. Kinachokosekana mara nyingi si nia wala nguvu. Kinachokosekana ni mtu wa pili wa kumtazama anayebonyeza na kumwambia anapokosea, kwa sababu mwenye kubonyeza haoni kosa lake mwenyewe: anauona uso wa mgonjwa, anasikia vilio, na mikono yake inamwambia kwamba inafanya kazi kubwa kuliko inavyofanya kweli.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo mtu wa pili, ambaye hapa tutamwita mtazamaji. Kila kosa linaelezwa kwanza kwa dalili ambayo mtu aliyechuchumaa upande wa pili wa mgonjwa anaweza kuiona au kuisikia, kisha kwa chanzo chake, na mwisho kwa neno fupi la kulirekebisha, kwa maana mtu anayetweta hawezi kusikiliza hotuba.

Kazi iliyo sawa inavyoonekana

Kwa mtu mzima, kifua kinapaswa kushuka angalau sentimita 5 na kisizidi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono ikiwa katikati ya kifua juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kila baada ya kushuka kiachwe kipande hadi mwisho. Urefu wa kasha la kawaida la kiberiti unakaribia sentimita 5. Hakuna atakayelipimia kifuani mwa mgonjwa, lakini aliyewahi kulisimamisha mezani na kulitazama kwa nia hiyo hushangaa kuona jinsi kina hicho kilivyo kikubwa. Mipaka ya juu, yaani sentimita 6 na mara 120, iliingizwa katika miongozo ya kimataifa mwaka 2015. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa zamani anaweza kusisitiza mambo mengine, kwa mfano kubonyeza mara 15 kisha kupuliza pumzi mbili, hesabu ambayo iliachwa mwaka 2005 na nafasi yake kuchukuliwa na 30 kwa mbili. Si vyema kubishana naye juu ya mgonjwa. Kwa asiye na mafunzo, jambo ni jepesi zaidi: tangu 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kimekuwa kikishauri kwamba mtu mzima aliyeanguka ghafla abonyezwe kifua mfululizo, bila pumzi za mdomo, hadi msaada ufike.

Njia hii yenyewe haihitaji chombo chochote. Ilielezwa mwaka 1960 na watafiti watatu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, na wa kwanza wao hakuwa hata daktari, bali mhandisi wa umeme.

Mfano unaosaidia kuelewa makosa yote yanayofuata ni bomba la mkono la kisima kirefu. Anayelipiga bomba hilo anajua kwamba maji hayatoki kwa pigo la kwanza: mpini unapigwa mara kadhaa ndipo maji yapande, na ukiuacha kidogo yanarudi chini, nawe unaanza upya. Anajua pia kwamba mpini usiposhushwa vya kutosha hakuna kinachosukumwa, na usipoachwa upande hadi juu hakuna kinachoingia cha kusukumwa. Damu ndani ya kifua inafuata kanuni inayofanana na hiyo, na ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, takribani nne hadi sita.

Kosa la kutoanza

Kosa hili lingepaswa kuwa la mwisho katika orodha ya makosa ya kubonyeza, kwa kuwa aliyelifanya hajabonyeza kabisa, lakini ndilo linaloua wengi na linastahili kutangulia. Dalili yake ni kundi la watu waliomzunguka mgonjwa wakisema, “Bado anapumua.” Ukimtazama mgonjwa, unaona mdomo unafunguka, kidevu kinavutwa, anakoroma au kuvuta hewa kwa kishindo mara moja, kisha kimya kirefu, kisha mara nyingine tena. Hizo ni pumzi za kukata roho. Zinatoka kwenye ubongo unaokosa damu, wala si ishara kwamba moyo unapiga. Chanzo kingine cha kuchelewa ni mitetemeko ya viungo ambayo hutokea kwa muda mfupi mara moyo unaposimama, nayo huwafanya watu waseme ni kifafa na kusubiri ipite.

Kipimo ni hiki: mwite kwa sauti, mtikise mabega, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama haitikii, na hapumui kama mtu aliyelala anavyopumua, anza. Usitafute mapigo shingoni. Hata wenye mafunzo hukosea hapo, na sekunde zinapotea. Anayehofia kumbonyeza mtu ambaye moyo wake haujasimama ajue kwamba madhara makubwa katika hali hiyo ni nadra, na kwamba mtu aliye hai atamsukuma mkono au kulalamika.

Radi inahitaji neno lake, kwa sababu wakazi wa Kigoma wanaijua. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa papo hapo, na moyo wake ni miongoni mwa mioyo inayoweza kurudi vizuri ikiwa ataanza kubonyezwa mapema. Mazungumzo kuhusu nani aliituma yanaweza kungoja. Aliyenaswa na umeme wa nyaya ni jambo tofauti kabisa: yeye haguswi hadi umeme ukatwe.

Kifua hakishuki

Dalili ni kwamba mwokoaji anatoka jasho, mikono inaonekana ikienda na kurudi, lakini ukiinamisha kichwa hadi usawa wa kifua na kukitazama kwa ubavuni, mfupa wa kidari unasogea kidogo tu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, nalo lina vyanzo vingi, ambavyo ni vyema kuvitafuta kuanzia chini kwenda juu: kwanza alipolazwa mgonjwa, kisha magoti ya mwokoaji, kisha viwiko, na mwisho moyo wa mwokoaji mwenyewe.

Alipolazwa mgonjwa. Kwa watu wazima wengi, kukishusha kifua sentimita 5 kunahitaji nguvu inayokaribia kilo 40 hadi 50, karibu sawa na uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Nguvu hiyo ikipotelea kwenye godoro la sponji au kitanda cha kamba, kinachoshuka ni kitanda, na mwokoaji anadanganyika kwa sababu anauona mwili mzima ukienda chini. Mtazamaji atatambua hili kwa kutazama mabega ya mgonjwa: kama yanazama pamoja na kifua, sehemu ile ni laini. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyelazwa juu ya lundo la nyavu, juu ya chanja ya kuanikia dagaa, au kwenye mchanga mkavu uliolegea. Mshusheni sakafuni, au mburuteni hatua chache hadi kwenye udongo mgumu, simiti, au mchanga uliolowa na kushikamana mbali kidogo na mawimbi. Ndani ya boti, alazwe kwenye mbao za chini, asilazwe kwenye viti. Kumhamisha kunagharimu sekunde kadhaa, lakini ni gharama ya mara moja, wakati kubonyeza juu ya godoro ni hasara inayorudiwa kila pigo.

Magoti. Mwokoaji aliyepiga magoti mbali na mgonjwa hulazimika kujinyoosha, na mikono yake husukuma kwa mshazari. Dalili yake ni mwili wa mgonjwa kuyumba au kusogea kuelekea upande wa pili kila anapobonyezwa. Neno la kumwambia ni “Magoti karibu!” mpaka yaguse ubavu wa mgonjwa, yakiwa yamepanuka kiasi cha upana wa mabega. Kisha tazama makalio yake. Kama ameyakalisha juu ya visigino, anabonyeza kwa misuli ya mikono peke yake, na hatamaliza dakika moja. Ainuke juu ya magoti ili mabega yake yawe wima juu ya viganja vyake.

Viwiko. Kiwiko kinachokunjika ni kama mguu wa meza uliovunjika: uzito wa mwili unakuja, nacho kinaumeza. Mtazamaji anaweza kukigusa kwa kidole na kusema, “Nyoosha!” Mwokoaji afikirie kwamba mikono yake ni nguzo mbili zisizo na viungo na kwamba kinachopanda na kushuka ni kiwiliwili chake kuanzia nyongani. Hapo ndipo mwanamke mwembamba au kijana wa sekondari anapoweza kubonyeza vizuri kuliko mpagazi mwenye misuli mikubwa anayetegemea mikono. Nimewaona wote wawili katika mazoezi, na mpagazi hakufurahi.

Hofu. Baada ya kurekebisha yote hayo, kifua kikiendelea kutoshuka, chanzo kiko ndani ya mwokoaji: anaogopa kumuumiza. Hofu hii huonekana zaidi mgonjwa anapokuwa mzee, au ndugu wa mwokoaji mwenyewe, na haiondolewi kwa kumkemea. Mwambie kwa upole, “Kaka, huwezi kumuumiza zaidi ya alivyo; zamisha.” Kama hawezi, mwingine ashike nafasi yake bila lawama. Haya nayo ni ndugu ya hofu. Mgonjwa akiwa mwanamke, wanaume hubonyeza kwa vidole au juu kabisa karibu na shingo ili wasimguse maziwa, na wengine hawaanzi kabisa. Dawa yake ni nyepesi na iko mabegani mwa kila mama aliyepo: kanga mbili zishikwe na watu wanne kama pazia, nguo nzito ifunguliwe, na kitako cha kiganja kikae juu ya mfupa, katikati, ambako ndiko kunakohitajika.

Kifua kinashuka lakini hakirudi

Kosa hili ni gumu kulitambua kwa sababu kazi inaonekana nzuri. Mwokoaji ana kina, ana mwendo, ila ameuegemeza uzito wake juu ya kifua hata anapopanda, kama mtu aliyechoka anayeegemea mpini wa jembe. Moyo hauna nafasi ya kujaa damu, na pigo linalofuata linasukuma kidogo sana. Dalili zinazoonekana ni mbili: nguo iliyo chini ya kiganja inabaki imekunjamana muda wote bila kunyooka, na kifua hakifikii kimo kilichokuwa nacho kabla kazi haijaanza. Mtazamaji makini atakuwa amekitazama kimo hicho tangu mwanzo. Asiyekitazama anaweza kusitisha kwa sekunde moja wakati wa kubadilishana zamu na kukilinganisha.

Chanzo chake kwa kawaida ni uchovu, au mwokoaji mzito aliyesogea mbele mno mpaka mabega yake yamepita viganja. Neno la kumwambia ni “Achia!” nalo lisemwe kila anapopanda, mpaka mwili wake ulizoee. Tahadhari moja: waokoaji wengi wakiambiwa waachie, hunyanyua mikono ikaachana kabisa na kifua, kisha huirudisha kwa kupiga. Hilo nalo ni kosa, kwa maana kiganja hutua mahali pengine kila mara. Uzito ndio unaoondoka. Ngozi inabaki imegusana na ngozi.

Mwendo

Mwokoaji mwenye hofu huenda mbio. Akipita mara 120 kwa dakika, kina hupungua, kwa kuwa hakuna muda wa kushuka wala wa kupanda. Mwokoaji anayechoka huenda polepole bila kujijua. Makosa yote mawili yanatibiwa kwa kuhesabu, lakini kuhesabu kwa Kiswahili kuna mtego ambao miongozo iliyotafsiriwa haiutaji. Kuanzia “moja” hadi “kumi” maneno ni mafupi na yanakwenda kwa kasi moja. Kuanzia “kumi na moja” maneno yanarefuka, na mtu anayesema “ishirini na saba” kwa kila pigo ama anachelewesha mikono yake ama anapoteza hesabu. Kwa hiyo hesabuni makumi: moja hadi kumi, kisha moja tena. Kumi moja inapaswa kuchukua sekunde 5 hadi 6. Mtazamaji mwenye simu afungue saa ya sekunde na kulinganisha, kama kumi inakwisha kwa sekunde 4, aseme “Taratibu,” na kama inafika 8, aseme “Kaza.”

Ni bora mtazamaji ndiye ahesabu kwa sauti na mwokoaji afuate, kama watu wanaosukuma boti kwenda nchi kavu wanavyofuata sauti ya mmoja wao. Anayebonyeza ahifadhi pumzi yake.

Mikono inahama, tumbo linabonyea

Viganja vikiteleza kwa sababu ya jasho, maji ya ziwa au mafuta, huelekea chini, kwenye chembe cha moyo, mahali ambapo hakuna mfupa bali tumbo na ini. Dalili ni tumbo kuruka kila pigo, na mara nyingine matapishi. Vikielekea kando, mbavu ndizo zinazobeba nguvu. Pangusa kifua kwa kitambaa mara moja, weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, vidole vifumane na vinyanyuliwe ili visikandamize mbavu. Mwokoaji anayebonyeza kwa kiganja kizima kilichotandazwa anaisambaza nguvu yake na kupoteza kina, mwambie, “Vidole juu.”

Kumesikika mlio

Wakati wa dakika za kwanza, hasa kwa wazee, husikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, au mkwaruzo chini ya mkono. Hapo waokoaji wengi huacha, na ndugu huanza kulia kwa nguvu zaidi. Mbavu au gegedu zake zimeachana au kuvunjika. Ni jambo la kawaida hata mikononi mwa wataalamu, na ubavu uliovunjika hupona kwa mtu aliyebaki hai. Mtazamaji akague jambo moja tu: je, viganja viko katikati? Kama vimehama, virudishwe. Kama viko sawa, kina kiwe kile kile na kazi iendelee. Si vizuri kupunguza kina kwa huruma, kwani huruma hiyo haimfikii mgonjwa.

Alianza vizuri, sasa analegea

Kina huanza kupungua mapema, mara nyingi kabla ya dakika mbili kwisha, na mwokoaji mwenyewe huwa hajahisi kuchoka. Ukimuuliza, “Umechoka?” atajibu hapana, na anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Ndiyo maana zamu haitolewi kwa kuulizana bali kwa hesabu: makumi 20, ambayo ni mapigo 200, yanachukua takribani dakika mbili, kisha anakuja mwingine hata kama wa kwanza anajiona bado ana nguvu. Hili linawakwaza vijana wa mwaloni ambao wamezoea kushindana kwa kubeba, na mtazamaji hana budi kulitangaza tangu mwanzo kwamba ni utaratibu, wala si dharau.

Zamu isiyopangwa hukata kazi kwa muda mrefu. Anayepokea apige magoti upande wa pili wa mgonjwa wakati makumi mawili ya mwisho yanahesabiwa, mikono yake ikiwa tayari hewani, na “kumi” ya mwisho ikitamkwa, mmoja aondoe na mwingine aweke. Ikizidi sekunde 5, mmechelewa. Kama waliopo ni wawili tu, mtazamaji na mwokoaji wabadilishane kazi zote mbili, na anayepumzika aendelee kuhesabu mara pumzi yake inaporudi.

Kazi inakatika katika

Hapa dalili si ya kutazama bali ya kusikiliza: hesabu inasimama mara kwa mara. Ukifuatilia sababu, utakuta ni zile zile. Mtu anataka kuhakikisha kama mgonjwa amerudi, akaweka sikio kifuani baada ya kila kumi. Simu imeita. Mzee wa familia amefika na anaomba nafasi amshike mkono. Mtu ameleta maji ya kummwagia usoni. Kila kusimama kunarudisha maji ya bomba chini, na mapigo kadhaa yanayofuata yanatumika kuyapandisha tena kabla ya damu kufika moyoni na kichwani kwa nguvu ya maana.

Mtazamaji ndiye mlinzi wa hesabu. Mzee apewe nafasi kichwani, ambako hamzuii mwokoaji, na kama ndugu wanataka kumtamkia shahada sikioni au kumwombea, wafanye hivyo kazi ikiendelea. Nimeona shehe mmoja akisoma kwa sauti ya chini huku mapigo yakihesabiwa juu ya sauti yake, na hakuna aliyemkwaza mwenzake. Kuangalia kama amerudi hakuhitaji kusimama: mgonjwa aliyerudi hupumua mfululizo, hukohoa, hufungua macho, husogeza mikono kwa makusudi. Mara chache mgonjwa husogea wakati anabonyezwa kwa sababu kazi ni nzuri na ubongo unapata damu, kisha hunyamaza ukiacha. Huyo hajarudi, endelea.

Aliyetolewa majini

Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, na hata ukingoni kuna mahali ambapo chini hudidimia ghafla. Aliyezama moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, na kwa hiyo ushauri wa kubonyeza bila kupuliza unamtosheleza nusu tu. Anayeweza kupuliza aanze na pumzi: ziba pua, inua kidevu, puliza polepole mpaka kifua kipande. Miongozo ya Ulaya hushauri pumzi tano za mwanzo, mingine hushauri mbili. Baada ya hapo ni mapigo 30 kwa pumzi mbili. Asiyejua au asiyethubutu kupuliza abonyeze tu, kwa maana hilo ni bora kuliko kungoja.

Kosa linalojitokeza hapa kabla ya yote ni kutaka kumtoa maji kwanza. Watu humning'iniza kichwa chini, humkandamiza tumbo, au humlaza kifudifudi na kumtikisa. Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Huko Amsterdam, ambako chama cha kuokoa waliozama kilianzishwa mwaka 1767, na kwingineko Ulaya, watu walijaribu hata kuwaviringisha waliozama juu ya mapipa. Maji yanayotoka kwa njia hizo hutoka zaidi tumboni kuliko mapafuni, na dakika zinazotumika hazirudi. Povu likijaa mdomoni, usilifute bila mwisho. Pulizia juu yake. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa pamoja, mpanguseni, mrudisheni chali, na hesabu iendelee ilipoishia. Tumbo likivimba kadiri mnavyopuliza, pumzi zenu ni kubwa mno au za haraka mno, au kidevu hakijainuliwa.

Watoto na wajawazito

Kwa mtoto, kina ni theluthi moja ya unene wa kifua: karibu sentimita 4 kwa mtoto mchanga na sentimita 5 kwa mkubwa kidogo. Mkono mmoja unaweza kutosha kwa mtoto, na kwa mtoto mchanga hutumika dole gumba mbili. Pumzi kwa watoto ni za lazima zaidi kuliko kwa watu wazima, kwani mioyo yao mara nyingi husimama kwa kukosa hewa. Mjamzito ambaye mimba imefika kitovuni au juu yake hubonyezwa mahali pale pale kama mtu mwingine, ila mtu wa ziada asukume tumbo lake kuelekea upande wa kushoto wa mama na kulishikilia huko, ili mimba isilalie mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Gari limepatikana

Mtu apige 112 au 114 mara tu kazi inapoanza, simu ikiwa kwenye spika. Lakini ukweli wa mji wetu ni kwamba mara nyingi kinachofika kwanza ni bajaji, na hapo watu humkunja mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa kikiwa kifuani, na kuondoka kwa mwendo wa kasi. Ndani ya bajaji hakuna kubonyeza kunakofaa. Hakuna sehemu ngumu, hakuna nafasi ya magoti, na safari nzima inakuwa ni ile ile hesabu iliyosimama. Maoni yangu ni kwamba bajaji itumwe kuita au kuleta gari lenye sehemu tambarare ya kumlaza mtu nyuma, na kazi iendelee pale alipoanguka mpaka gari hilo lifike. Likifika, apandishwe kwa mara moja baada ya “kumi,” alazwe kwenye bati la nyuma, mwokoaji apige magoti kando yake akishikwa kiunoni na mwenzake, na dereva aende kwa mwendo usiomwangusha anayebonyeza. Kama jirani ana mashine ya kushtua moyo, jambo ambalo ni nadra, iwashwe na maelekezo yake yafuatwe, huku kazi ikisimama pale tu mashine inapoagiza.

Akianza kupumua mfululizo, mlazeni ubavu, kidevu kikiwa kimeinuliwa, na mtazamaji abaki amekishika kifua kwa kiganja bila kukibonyeza, kwa sababu moyo uliorudi unaweza kusimama tena njiani. Mtakapofika hospitali, atakayewapokea atataka kujua mambo matatu ambayo mtazamaji pekee ndiye huwa nayo: saa alipoanguka, saa kazi ilipoanza, na kama kulisikika mlio wa mbavu.